Kipa Aliyeliua Kombe la Mwambao

Sehemu ya kumi na moja

Ulipolikunja gazeti wiki jana, msomaji, Herieth alikuwa amekaa kwenye kigoda, uani kwa Mzee Mudathir kule Vingunguti, na mzee huyo alikuwa ametoka kutamka maneno saba yaliyomkausha mate binti wa watu:

"Baba yako hakuuza mechi. Sie ndo tuliomkata."

Basi tusimcheleweshe. Hajapumua tangu Alhamisi iliyopita.

"Mlimkata?" Herieth aliuliza. "Kwa kisu?"

"Kwa chupa," Mudathir alijibu. "Kwa ukuta wenye chupa. Tulia, nitakueleza."

Kwa uliyejiunga nasi leo, nakufupishia, na usinisumbue tena. Sebastian, baba yake Herieth, ndiye aliyesimama golini kwa Kisu FC, timu ya wachinjaji na wachuna ngozi wa Vingunguti, siku ya fainali ya mwisho ya Kombe la Mwambao, mwaka 1986. Alifungwa goli moja la kijinga dakika ya themanini na tatu. Mawe yakaruka, wageni kutoka Mombasa wakafungiwa chumbani mpaka askari walipokuja kuwatoa, na Kombe hilo halikuchezwa tena hata siku moja.

Watu wakasema kauza. Wakampa jina: Mlango Wazi. Miaka thelathini na minane analibeba.

Sasa amelala kitandani Gongo la Mboto, kapooza upande mmoja, na daktari kashawaambia wakae naye tu nyumbani. Herieth anataka kitu kimoja duniani, hana cha pili: baba yake asizikwe na jina hilo.

Na lililompeleka kwa Mudathir ni jezi. Herieth anachapa majina kwenye jezi, kibanda chake kipo Kinondoni. Wiki jana klabu ya Kisu ilimletea oda ya jezi za heshima kwa wachezaji wa zamani, watunzwe Jumamosi. Namba mbili mpaka kumi na moja, majina yote. Namba moja hakuna. Chini ya karatasi, sahihi ya Mudathir.

Hapo tupo sawa? Haya.

"Ulikuwa hujazaliwa," Mudathir alianza. Umri wake sabini na nane, meno yake yamebaki ya mbele tu, lakini kumbukumbu haijang'oka hata moja. "Kombe tulikuwa tumelichukua mara mbili. Sheria yao ilikuwa, ukilichukua mara ya tatu ni lako moja kwa moja, halirudi. Unajua mji ulivyokuwa? Watu walikuwa hawalali."

"Mzee, nieleze ukuta."

"Nafika. Mie nilikuwa katibu wa kamati ya ufundi."

Herieth aliijua kamati ya ufundi, nani asiyeijua. Kwenye karatasi ni kamati ya mambo ya mpira. Kazi yake halisi ni kumtafuta mtaalamu, yaani mganga, kumlisha, na kufanya kila anachosema.

"Mtaalamu akatwambia geti kuu limefukiwa kitu na wale wa Mombasa. Timu isipite. Iruke ukuta wa nyuma. Na ukuta ule ulikuwa umepandwa vipande vya chupa juu, kuzuia wasiolipa kiingilio."

"Mkawarusha wachezaji juu ya chupa."

"Tuliweka magunia! Sie sio wanyama." Mzee alikohoa. "Ila kipa ndo alitakiwa atangulie, na yeye asiwekewe gunia. Mtaalamu alisema mikono ya kipa ndo mlango wa timu, na mlango haufunikwi gunia. Ashike mikono mitupu."

Herieth aliukumbuka mkono wa kushoto wa baba yake, kovu linalotoka chini ya dole gumba mpaka kwenye kidole kidogo. Sebastian baada ya mpira alirudia kazi ya watu wa kwao, kuchonga mpingo. Kila alipoulizwa kovu hilo alisema patasi ilimkosea.

Kumbe patasi ya watu ilisingiziwa bure.

"Alikataa," Mudathir aliendelea. "Baba yako alikuwa Mkristo wa rozari. Akasema mie naingilia getini, kama kuna kilichofukiwa kitanikuta na Mama Maria. Tukamwambia, Sebastian, ukipita getini tukafungwa, utakuwa wewe. Akapanda. Mkono wa kushoto ukafunguka, ikaonekana nyama ya ndani. Na sie ni watu wa machinjioni, mwanangu. Nyama tunaijua."

"Mkaufunga?"

"Hatukuufunga."

"Kwa nini?"

"Mtaalamu alisema damu ya kipa ikimwagika kabla ya mechi ni heri. Ukiifunga umeifunga heri. Akavalishwa glovu juu ya damu."

"Na kipa wa akiba? Hakuwepo?"

"Alikuwepo. Ansbert. Kashavaa, anaruka ruka pembeni." Mudathir aliangalia miguu yake. "Majina kumi na moja yalikuwa yamesomewa usiku. Ukibadilisha jina moja, dawa inakufa."

Nani mwingine duniani angefanya kosa hilo? Watu wazima, wenye akili, wanaojua kidonda kwa kukitazama tu, wana kipa mzima pembeni, wanamwingiza aliyekatwa kwa sababu jina lake limeshasomewa. Lakini usiwacheke sana. Hata wewe una timu.

"Mpira ukaja chini chini, kuliani kwake," Mudathir alisema, "mpira wa kudakwa na mtoto. Ukapita. Basi."

Zingatia hilo neno, msomaji. Herieth hakulizingatia.

Yeye alikuwa na swali lake. "Nani alikuwa wa kwanza kusema kauza?"

Kuku alipita katikati yao, akadonoa, akaenda.

"Mzee Mudathir. Nani?"

"Mie."

"Wewe?"

"Watu walikuwa wanatutafuta kamati. Mawe yanakuja. Nikawaambia nimemwona kipa juzi na mtu wa Mombasa, wamekaa hotelini wanazungumza."

"Ulimwona kweli?"

"Nilimwona. Walikuwa wanakunywa chai. Mtu mwenyewe alikuwa padri."

Herieth aliinuka, kigoda kikaanguka. Alitaka kumpiga. Nasema wazi, alitaka kumpiga mzee wa miaka sabini na nane usoni, na kilichomzuia ni kanzu aliyovaa, iliyotobolewa na nondo begani. Mama yake alifukuzwa kwenye upatu kwa sababu ya chai hiyo. Yeye mwenyewe shuleni walimwimbia Mlango Wazi mpaka akaacha kutoka nje kengele ya mapumziko ikilia.

"Na yeye kwa nini alinyamaza?" alifoka. "Si angesema nimekatwa!"

"Alilamba kisu."

Hiyo ilikuwa desturi ya klabu yao. Mchezaji mpya alipelekwa asubuhi kwa wachinjaji, kisu kikaoshwa, akalamba ubavu wa bapa mbele ya wakubwa, Mwislamu kwa Mkristo. Aliyelamba kisu hasemi ya ndani nje. Ansbert kalamba, Mudathir kalamba, na Sebastian kalamba. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata zote zilikuwa zimeapishwa.

"Jumamosi utasema," Herieth alimwambia. "Mbele ya wote."

"Siwezi."

"Mzee!"

"Kiapo hakizeeki, mwanangu. Wewe nimekwambia kwa sababu ni damu yake. Mbele za watu siwezi. Ila..." Alijishika magoti akaanza kuinuka. "Kwake naweza. Yeye kalamba kisu hichohicho, kwake sivunji kitu. Nipeleke kwa Sebastian. Nikamwombe radhi kabla hatujazikana."

"Leo?"

"Sasa hivi. Ngoja nibadili kanzu."

Akaingia ndani. Na hapa, msomaji, nakuomba usimhukumu Herieth haraka.

Simu yake ilikuwa kiunoni muda wote, imefungwa ndani ya khanga, inarekodi. Kila neno: ukuta, gunia, Ansbert, padri. Na redioni, wiki nzima, mtangazaji mmoja aitwaye Twalib alikuwa akisimulia kila saa kumi alasiri historia ya Kombe la Mwambao. Jumatatu alilizaa, na leo Alhamisi ndiyo siku aliyopanga kulizika. Herieth alikuwa na namba yake.

Aliitazama simu. Akautazama mlango aliopitia Mudathir.

Akatuma.

Kabla mzee hajatoka na kanzu safi, jibu lilishaingia: *Sista, hii ni bomu. Naiweka saa kumi juu ya alama.*

Saa tisa na robo walikuwa ndani ya bajaji, Barabara ya Pugu, wanaelekea Gongo la Mboto. Dereva alikuwa na redio, na redio ilikuwa na Twalib, anajitangaza mapema.

"...Kombe lililozaliwa mwaka 1972 na klabu nne tu! Dar, Tanga, Unguja na Mombasa! Timu zinasafiri kwa meli na mabasi, wachezaji wanalala madarasani, wanakula biriani ya wenyeji, wanacheza keshokutwa yake! Wakaongezeka Pemba, wakaongezeka Wangazija! Fainali kumi na tano! Halafu mwaka 1986 hapa hapa Dar es Salaam, goli moja..."

"Braza, punguza hiyo redio," Herieth alisema.

"Ah, sista, acha tusikie, hii ndo historia yenyewe. Mie babu yangu alikuwepo. Anasema kipa aliuza kweupe."

Mudathir alitazama nje.

"...Mombasa wakasema hawaji tena. Unguja wakasema kama Mombasa haji, sie tucheze na nani? Mwaka uliofuata hakupatikana mwenyeji. Mwaka wa pili hakupatikana hata wa kuuliza. Kombe lenyewe, nasikia, lipo kwenye sebule ya mtu huko Mombasa, limewekewa maua ya plastiki! Saa kumi kamili usiondoke. Tumepata sauti ya mtu aliyekuwepo ukutani!"

"Ukutani?" Mudathir aligeuka. "Kasema ukutani? Sauti ya nani hiyo?"

"Sijui, mzee," Herieth alisema.

Akaziangalia kucha zake mpaka Ukonga.

Margareta, mama yake Herieth, alikuwa barazani anachambua kisamvu. Aliinua uso, akamwona anayeshuka kwenye bajaji, na mikono yake ikasimama.

Mwanamke huyu hajawahi kumnyima mkubwa wake shikamoo, awe mlevi, awe mwizi. Siku hiyo alimnyima Mudathir. Alimtazama tu mpaka alipofika kwenye ngazi.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kuomba radhi, Margareta."

"Kwa lipi? Yapo mengi."

Mudathir akasimulia palepale, kasimama juani. Hakupunguza. Alipofika kwenye padri na chai, Margareta alichukua ungo wa kisamvu akauweka pembeni taratibu, kitu cha kwanza alichofanya taratibu tangu asubuhi.

"Mie niliolewa naye mwaka uliofuata," alisema. "Watu wakaniambia unaolewa na msaliti. Nikamuuliza usiku wa kwanza. Akaniambia, Margareta, sikupokea kitu kwa mtu. Nikamwamini. Ila kila mwaka, mara moja au mbili, nilikuwa naamka namtazama kalala, najiuliza." Machozi yalimtoka bila sauti. "Mungu anisamehe. Nilikuwa najiuliza."

Halafu akainuka ghafla. "Ingieni mumwambie. Mie namwita Mwajabu. Namwita mtaa mzima. Wote waliokuwa wananicheka watakuja hapa leo!"

"Mama, subiri kwanza..."

Alishatoka nje ya uzio, anamwita jirani kwa sauti ya msichana. Herieth hakuwahi kumsikia na sauti hiyo. Moyo wake ulijaa, akafikiri: hata kama Mudathir atanilaani, imefaa.

Shika hapo. Hiyo ndiyo furaha pekee kwenye toleo la leo, na imekwisha.

Chumbani, Sebastian alikuwa amelazwa chali, amewekewa mto mgongoni. Ubavu wa kulia wote ulikuwa umekufa, mkono wa kulia umewekwa tumboni na mtu mwingine. Mdomo umevutwa pembeni. Maneno alikuwa nayo, lakini yalikuja moja moja, kwa jasho, na siku nyingine hayakuja.

Alimwona Mudathir. Jicho lake la kushoto likafunguka.

Mudathir alipiga magoti kwa shida, akashika ule mkono wenye kovu, akaurudia wote ule mkasa kwa mara ya tatu siku hiyo. Ukuta. Gunia. Glovu juu ya damu. Uongo wake. Alilia kama analia kwenye msiba wa mwanawe.

"Nisamehe, Sebastian. Ulidaka na mkono tuliouua sie. Goli lile si lako. Ni letu."

Sebastian alitikisa kichwa. Kulia, kushoto.

"Hajanisamehe," Mudathir alisema.

"Baba, umemsamehe?" Herieth aliinama. "Amekuja mwenyewe."

"Si... hilo," Sebastian alisema.

Alijinasua kutoka mikononi mwa Mudathir. Akainua mkono wa kushoto, akawaonyesha kiganja.

"Huu... ulikatwa. Kweli."

Kisha, kwa mkono huo wenye kovu, akaunyanyua ule uliokufa, wa kulia, kama mtu anayeinua kitu cha mwenzake, akauweka kifuani.

"Mpira... ulikuja... huku."

Herieth akakumbuka. Chini chini, kuliani kwake. Mudathir alikuwa amesema mwenyewe, uani, na yeye hakusikia.

"Ulikuja kulia," alisema. "Ulikuwa mzima, huo mkono?"

"Mzima."

"Kwa hiyo uliteleza tu, baba. Ulikuwa na maumivu. Kila mtu anateleza."

"Niliuona," Sebastian alisema. Alipumzika. Mate yakamtoka, Herieth hakuyafuta. "Niliuona... vizuri. Nikauacha."

Mudathir, aliyekuwa kwenye magoti, alikaa chini sakafuni kabisa.

"Nani alikupa?" Herieth aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha, maana lilikuwa swali la mji mzima. "Baba, nani alikupa kitu?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini?"

Maneno yalichukua muda. Nakuwekea hapa yalivyotoka, ila nimekuondolea mapengo, maana kati ya neno na neno ungeweza kuchemsha chai.

"Misimu minne nadaka. Kila nikidaka, watu wanakwenda kumbeba mtaalamu. Wanampa mbuzi. Mie wananipita. Wanasema dawa imedaka. Siku ile wakanikata, wakasema damu imedaka. Nikasema moyoni, goli moja. Moja tu. Wajue dawa haina mikono."

"Sebastian," Mudathir alisema kwa sauti ndogo.

"Zilibaki dakika saba. Tulikuwa wazuri. Nilijua tutarudisha." Jicho la kushoto lilijaa maji. "Hawakucheza. Walirusha mawe. Sikujua... watarusha mawe. Sikujua Kombe litakufa."

Ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Hakuuza. Hakupokea hata kikombe cha chai ambacho hakukilipia. Lakini mlango aliuacha wazi mwenyewe, kwa mkono mzima, na jina alilopewa na waongo lilikuwa la kweli.

Utamwambiaje mtu hilo? Herieth alikuwa amezunguka wiki tatu akiutafuta ukweli, na sasa ameupata, na ulikuwa haufai kitu. La kuvunda halina ubani.

"Miaka yote," Mudathir alisema akiwa sakafuni, "najiona mie muongo peke yangu." Hakuonekana kufarijika. Alionekana amezeeka miaka mingine kumi.

Ndipo Herieth alipokumbuka saa.

Alichomoa simu. Saa kumi kasoro dakika mbili.

Alimpigia Twalib. Haipokelewi. Akapiga tena. Haipokelewi. Akaandika: *Usiirushe ile sauti, tafadhali, nimekosea.* Ujumbe ukaenda. Haukusomwa.

"Unampigia nani?" Mudathir aliuliza.

Herieth akabonyeza namba ileile tena.

Dirishani, kutoka kwa Mwajabu jirani, redio ilifunguliwa mpaka mwisho. Mlio wa saa kumi ukapiga. Kisha sauti ya Twalib, na baada yake sauti ya mzee mwenye meno ya mbele tu:

*"...sie ndo tuliomkata. Kwa chupa. Kwa ukuta wenye chupa..."*

Mudathir aliisikia sauti yake. Akamtazama Herieth. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Umenirekodi."

"Mzee, nilikuwa..."

"Nimelamba kisu miaka hamsini, mwanangu. Miaka hamsini."

Akafunika uso kwa kanzu.

Nje, vigelegele vilianza. Kimoja, vitatu, kisha mtaa mzima. Watu walikuwa wanaingia uani, sauti juu ya sauti. Mtu alikuwa anasema mie nilijua siku zote, Sebastian si mtu wa vile. Huyo huyo, nakuhakikishia, ndiye aliyemtaja kwa jina la Mlango Wazi Jumapili iliyopita nje ya kanisa.

Simu ikaita mkononi mwa Herieth. Twalib.

Aliipokea mbio. "Twalib, sikiliza, zima hiyo..."

"Sista! Upo hewani! Nchi nzima inalia huku! Yupo mzee? Mpe simu, mpe!"

Mlango ulifunguliwa. Margareta aliingia, nyuma yake Mwajabu, nyuma yake watu wasiohesabika wakijazana mpaka kwenye korido. Uso wake ulikuwa umelowa na unang'aa. Kwenye picha yake ya harusi, iliyotundikwa juu ya kitanda hicho hicho, bibi harusi hacheki. Leo alikuwa anacheka.

"Ni yule wa redioni? Lete!"

"Mama, hapana. Mama, baba amechoka."

"Amechoka kunyamaza!" Margareta aliinyakua simu, akabonyeza spika, akakaa kitandani. Akamfuta mume wake mate kwa ncha ya khanga, kwa upole, akaisogeza simu kwenye ile pembe ya mdomo inayofanya kazi.

"Mzee Sebastian, shikamoo," sauti ya Twalib ilijaza chumba, na sekunde chache baadaye ikarudi kutoka redioni kwa jirani. "Miaka thelathini na minane ulinyimwa nafasi ya kusema. Leo ni yako. Sema neno moja tu."

Sebastian alimtazama mke wake. Alimtazama muda mrefu, anavyocheka. Kisha akamtazama Herieth, na Herieth akatikisa kichwa, polepole, wengine wasione: usiseme, baba, nakuomba, usiseme.

Lakini huyu ni mtu aliyenyamaza kwa sababu ya kiapo. Kiapo kimeshavunjwa na waliomwapisha, tena hewani. Na uongo, kwa wote wanaomjua, hajawahi kuujaribu hata mara moja.

"Marahaba, mwanangu," Sebastian alisema, na maneno yalitoka safi kuliko siku yoyote tangu apooze. "Ule mpira..."

Herieth aliurusha mkono wake kwenye kitufe chekundu cha kukata simu.

Margareta akaudaka hewani.

"Mwache," alimwambia mwanawe, analia na kucheka. "Mwache baba yako aseme."